Meja Mwangi aliwatetea maskini wa Nairobi au aliuza shida zao? Tujadili

Mpita Njia

Kila Meja Mwangi, yule mwandishi wa riwaya wa Kenya, akitajwa watu wanagawanyika pande mbili na mimi zote mbili zinanikera. Wa kwanza wanasema huyu ndo sauti ya walalahoi, bila yeye nani angejua kuna vijana wanachokora mapipa ya taka nyuma ya mahoteli huku wana vyeti mfukoni. Wa pili wanasema jamaa alichukua chang'aa, malaya na mende, akavipanga vizuri akawauzia wasomaji wa London, na yule kibarua wa mtaa wa River Road hakuonja hata senti. Nataka tubishane kwa vitabu vyenyewe, si kwa hisia.

Kwa wasiomjua, jina lake la kuzaliwa ni David Dominic Mwangi, kazaliwa Nanyuki 1948, mji wa wanajeshi pale chini ya Mlima Kenya, utoto wake ukapita kwenye hali ya hatari ya Mau Mau, kasoma huko halafu akaja Kenyatta College. Akafanya kazi kidogo na televisheni ya Wafaransa hapo Nairobi, halafu British Council upande wa filamu. Na hapo katikati, kijana mdogo kabisa, 1973 anatoa Kill Me Quick, 1976 Going Down River Road, 1979 The Cockroach Dance. Ana vingine vingi, vya wapiganaji wa msituni, vya majangili wa ndovu, vya ukimwi, lakini hivyo vitatu ndo vya mji na ndo ugomvi wetu ulipo.

Kill Me Quick ni Meja na Maina, wamemaliza shule, wamekuja mjini, kila ofisi wanayobisha hakuna kazi. Wanalala vichochoroni. Wanapata kibarua kwa shamba la mzungu, inaharibika, wanarudi mjini, mmoja anaangukia genge la Shanty Land, mwingine anaponda mawe kwenye machimbo, na wanapokuja kukutana tena ni jela. Kuna watu wanasema hiyo ni chumvi. Chumvi gani bana? Mwaka mmoja tu kabla kitabu hakijatoka, 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti nzima kuhusu ajira Kenya, hiyo ndo ripoti iliyolisambaza jina la sekta isiyo rasmi duniani kote. Na kabla ya hapo serikali ilishakaa na waajiri na vyama vya wafanyakazi mara mbili, 1964 na 1970, wakakubaliana waajiri waongeze watu na wafanyakazi watulie kuhusu mishahara, na bado vijana walikuwa wanamiminika tu. Sensa ya 1969 Nairobi ilikuwa na watu kama 509,000, ya 1979 inakaribia 828,000. Kwa hiyo Meja na Maina hawakutolewa hewani, walikuwa kwenye kila basi linaloingia stendi.

Sasa msimamo wangu, mnipige mawe mkitaka. Mi naona hakumtetea mtu na hakumuuza mtu. Alichofanya ni kuandika KAZI. Soma Going Down River Road uone. Ben alikuwa afisa wa jeshi, akafukuzwa kwa kuwauzia majambazi silaha, sasa anabeba zege kwenye mjengo unaoitwa Development House. Rafiki yake Ocholla yuko naye. Kurasa kwa kurasa ni mjengo tu: vumbi, saruji, fomeni anavyopiga kelele, mtu anavyojificha asionekane amepumzika, siku ya mshahara inavyosubiriwa na inavyoisha usiku huohuo. Jengo linapanda juu na kila anayelijenga anajua likiisha yeye hataingia mlangoni, askari atamfukuza. Na hawalii! Wanapiga stori, wanatukanana, wanacheka. Hicho kicheko ndo wasomi wengi hakikuwapendeza, walitaka maskini akikaa kwenye kitabu akae kwa huzuni na heshima kama yuko kwenye mazishi.

Alipofeli mimi naona ni kwa wanawake, lakini hilo nawaachia mlianze wenyewe nione mtakavyosema.

Kalamu Nyekundu

Umeandika vizuri ndugu lakini umeruka shimo kubwa hapo katikati. Kuandika kazi bila kuandika nani anakula jasho la hiyo kazi ni nusu ya stori. Ben anabeba zege, sawa, nani mwenye Development House? Pesa zimetoka wapi? Nani aligawiwa kandarasi? Kwenye kitabu huyo mtu hana sura, tunamwona fomeni tu, na fomeni ni mfanyakazi mwenzao. Ndo maana ukimaliza kusoma unatoka na huruma na kicheko, hutoki na hasira.

Weka kando yake Ngũgĩ wa Thiong'o, miaka ileile nchi ileile. 1977 anatoa Petals of Blood, humo wenye kiwanda cha pombe wana majina na vyeo, na mwaka huohuo anashirikiana na wakulima na vibarua wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ kuigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, watu wa kawaida ndo waigizaji. Serikali ikafuta leseni ya mchezo, na tarehe 31 Desemba 1977 wakamchukua, akakaa jela ya Kamĩtĩ karibu mwaka mzima bila kesi. Meja Mwangi yeye 1974 alipewa Tuzo ya Jomo Kenyatta kwa Kill Me Quick. Jomo Kenyatta! Kitabu cha vijana wanaokula takataka chini ya serikali ya Kenyatta kinapewa tuzo yenye jina la Kenyatta. Mwandishi akiwauma wakubwa kweli wakubwa hawampi zawadi, wanampa pingu. Na usisahau katikati ya hivyo vitabu, Machi 1975, mbunge JM Kariuki aliuawa, yule aliyekuwa akisema hadharani kwamba Kenya inageuka nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Hiyo ndo hali ya hewa wakati River Road inaandikwa na sioni hata wingu lake mle ndani.

Mswahili wa Bara

Kalamu Nyekundu, aisee hiyo tuzo unaibebesha mzigo ambao si wake. Ile ni tuzo ya wachapishaji, chama cha wachapishaji wa vitabu Kenya ndo wanaisimamia, sio Ikulu. Majaji walisoma kitabu wakakipenda, basi. Na hiyo hoja ya pingu ni hatari mkuu, ina maana kipimo cha kitabu kizuri ni hasira za polisi? Kuna vitabu vibovu kabisa vimewahi kupigwa marufuku.

Nikupe mfano. Huku kwetu Tanzania 1976 serikali ilipiga marufuku vitabu vya David Maillu, huyohuyo Mkenya mwenzake Meja Mwangi. Kwa hoja yako Maillu ndo mwanamapinduzi mkubwa kuliko wote. Lakini marufuku ilikuwa kwa sababu ya matusi na ngono, si kwa sababu alimtaja mwenye kiwanda.

Na mi nataka nimtumie huyo Maillu kwa jambo lingine. Maana swali la Mpita Njia ni nani alimtetea maskini, mi nauliza nani alisomwa na maskini. Maillu alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, hapo Nairobi, akatoa vitabu vyembamba vya bei rahisi, My Dear Bottle 1973, After 4.30 mwaka uliofuata, vikanunuliwa na makarani, matarishi, mataipisti, watu wanaosoma ndani ya basi wakienda kazini. Maprofesa wakamdharau wakasema ni uchafu. Meja Mwangi alitoka na Heinemann kwenye ule mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Kiafrika, ule wa rangi ya machungwa, na kitabu kikasomwa Leeds na Iowa. Sasa kati ya hawa wawili yupi alikuwa na mtu wa River Road kama MSOMAJI, si kama picha?

Nyongeza ya lugha nayo. Ben na Ocholla pale kwenye mjengo wanaongea Kiingereza kizuri kabisa. Kwenye mjengo wa Nairobi! Kila mtu anajua lugha ya pale ni Kiswahili cha kila kabila kikiwa kimevunjikavunjika. Kicheko chote mnachokisifia kimepitia kwenye chujio la Kiingereza, huenda utani wenyewe ulibaki kwenye chujio.

Kibarua Mstaafu

Vijana mnaongea sana. Mimi nimefanya kazi ya mjengo Nairobi miaka mingi kuanzia zamani za karai na ngazi za mbao mpaka mashine za kuchanganya zege zikaja, kwa hiyo nichangie kidogo.

Hicho kitabu cha River Road niliazimwa na kijana wa mwenye nyumba wangu, Kiingereza changu ni cha darasa la saba lakini nilikimaliza. Nilikimaliza kwa sababu kila kitu nilikijua. Jinsi fomeni anakuwa mkali asubuhi na mpole jioni. Jinsi mtu mpya anaangaliwa kama mwizi mpaka siku anunue pombe. Jinsi hamuongei kabisa juu ya jengo lenyewe, mnaongea juu ya chakula, wanawake na deni. Sijawahi kusikia kibarua anauliza mwenye jengo ni nani, huyo bwana wa kalamu nyekundu anisamehe. Mwenye jengo haji. Akija anakuja na watu wa koti mnaambiwa mpishe. Mwandishi ameandika kile kinachoonekana kutoka pale chini, na kutoka pale chini mwenye jengo haonekani, wewe ulitaka Ben apate wapi hiyo picha?

Hiyo ya Kiingereza ni kweli, tulikuwa tunaongea Kiswahili kibovu na matusi ya kila lugha. Lakini nikisoma nilikuwa nasikia Kiswahili kichwani, sijui niseme vipi, nilikuwa nairudisha mwenyewe.

Ile sehemu ya vibanda vya mtoni kuchomwa na watu wa kanjo, yaani baraza la jiji, na watu wanajenga tena palepale, hiyo hakuna mtu wa kuniambia ni chumvi. Nimeona kwa macho.

Mpita Njia

Mzee asante sana, hapo umenisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe. Kalamu Nyekundu ona hilo jibu vizuri. Mwenye jengo hayupo kwenye kitabu kwa sababu hayupo kwenye maisha ya Ben. Hiyo nayo ni siasa, na ni nzito. Kumwandika bosi mwenye tumbo na sigara ni rahisi, kila mtu anamchukia, msomaji tajiri naye anamchukia akilala usingizi mzuri kabisa kwa sababu yeye si huyo bosi.

Na si kweli kwamba hakuna mwenye mali hata mmoja mwenye jina. Nenda The Cockroach Dance. Tumbo Kubwa, mwenye Dacca House. Jengo bovu Grogan Road, siku hizi ni Kirinyaga Road, vyumba vimegawanywa vikagawanywa tena mpaka bafu limekuwa nyumba, kuna familia inaishi bafuni na mwenyewe anaitwa Bathroom Man. Choo watu wanapanga foleni. Mende kila mahali. Humo kuna muuza mboga, kuna wa magendo, kuna wapangaji ambao hata sura zao huyu Dusman Gonzaga hawezi kuzikumbuka. Na Dusman mwenyewe kazi yake ni kusoma mita za kuegeshea magari, yaani anazunguka mchana kutwa akihudumia magari ya watu halafu usiku anarudi kwa mende. Ile kazi inamtia wazimu polepole, anaanza kuziona mita kama viumbe. Hapo mi naona Meja Mwangi kafika juu kabisa, ni kitabu cha kuchekesha mno na unaumwa tumbo baadaye ukifikiria ulichokuwa unacheka.

Na sikiliza hili: Dusman anaanza kuwachochea wapangaji wagome kulipa kodi. Kwa hiyo yule mnayesema hana suluhisho, kitabu cha tatu kashafika kwenye mgomo. Hakuruka moja kwa moja. Cha kwanza watu wawili wanazama kila mtu kivyake, cha pili kuna urafiki wa Ben na Ocholla unaoyumbayumba lakini upo, cha tatu jengo zima linaanza kuamka. Huo ni mwendo, na aliufanya ndani ya miaka sita tu.

Kalamu Nyekundu

Halafu baada ya mgomo ikawaje kwa mwandishi? 1979 hiyohiyo anatoa kitabu cha majangili na bastola. Miaka ya themanini yuko kwenye sinema, alikuwa mmoja wa wasaidizi wa mwongozaji kwenye Out of Africa iliyotoka 1985, filamu ya mwanamke wa Kidenmaki anayelilia shamba lake la kahawa Ngong, na Waafrika wamesimama nyuma kama miti. Samahani lakini ukitoka Dacca House ukaenda kubeba vifaa vya kamera kwa ajili ya hiyo stori, mi nina haki ya kuuliza River Road ilikuwa mapenzi au ilikuwa soko.

Ya tuzo nimekusikia Mswahili, wachapishaji, sawa. Jina lililoandikwa juu yake ni la nani lakini? Wangeweza kuiita jina lolote.

Mswahili wa Bara

Mkuu mtu ana familia, filamu inalipa. Unataka mwandishi wa maskini naye awe maskini ndo umwamini? Hiyo ni dini sasa.

Bibi Karani

Nimesoma kutoka juu mpaka hapa nikisubiri mwanaume mmoja aguse ile aliyoiachia Mpita Njia, na kama kawaida mmezunguka tu. Kodi mmegusa, zege mmegusa, mpaka filamu za wazungu mmegusa. Haya nianze mimi.

Wini, mwanamke wa Ben kwenye River Road. Huyu ni sekretari. Ana kazi ya ofisini. Alizaa akiwa mtoto mwenyewe, amemlea mwanawe Baby peke yake, amejiuza alipokosa njia nyingine, amejifunza kutaipu, amepata kazi. Jamani hiyo ni riwaya nzima! Hiyo ni stori ya wanawake wangapi walioingia Nairobi miaka ile, kwa sababu wakati wa mkoloni mji ulipangwa kama mji wa wanaume, kibarua aje afanye kazi aache mke kijijini, mwanamke akionekana mjini peke yake ashakuwa malaya kwenye macho ya polisi kabla hajafungua mdomo. Na Meja Mwangi, mwenye jicho kali hivyo la kuona karai na fomeni, anamwona Wini kupitia kwa Ben tu: mwili wake, kitanda chake, halafu siku moja ameondoka na bosi wake mzungu kamwacha mtoto. Basi. Hatuendi naye. Hatuambiwi kule ofisini ilikuwaje. Mzee hapo juu kasema kutoka chini mwenye jengo haonekani, nimekubali. Wini alikuwa analala chumba kimoja na Ben. Naye haonekani?

Halafu wake wawili wa Ocholla wanatoka mashambani na watoto wao wanakuja kibandani, na kitabu kinawapokea kama mafuriko, kama balaa limemwangukia maskini Ocholla. Hao wanawake wamebaki nyumbani wakilima peke yao miaka yote wakati mshahara unaisha River Road! Kama kuna mtu alikuwa na haki ya kuja kugonga huo mlango ni wao.

Mswahili wa Bara umetaja lugha, mi nikushangae hukumtaja Said Ahmed Mohamed. Utengano ya 1980, mwaka mmoja tu baada ya hiyo ya mende, tena kwa Kiswahili, na wanafunzi wa Kenya wameisoma kwa mtihani wa KCSE. Maimuna naye anaanguka mjini, anaingia kwenye danguro, ulevi, kila kitu. Lakini tuko NDANI ya Maimuna. Tunajua alifungiwa vipi na baba yake, tunajua anachofikiria akiwa pale, anaharibikiwa na bado ni mtu. Kwa hiyo msiniambie ilikuwa ni enzi, ati zamani waandishi wote walikuwa hivyo.

Kibarua Mstaafu

Mama umesema kweli na inauma. Sisi kwenye mjengo tulikuwa tunaongea juu ya wanawake hivyohivyo. Mwandishi ametuandika tulivyo.

Bibi Karani

Mzee wangu shikamoo, na sikupingi. Swali langu ni kama kutuandika tulivyo kunatosha. Anapowaandika wanaume walivyo anaonyesha pia kwa nini wako hivyo, jeshi lilimfukuza, bosi kamfukuza, mji kamfukuza. Wini kwa nini yuko alivyo? Hapo kalamu inakauka.

Mpita Njia

Dada hapo siwezi kukupinga kwenye wake za Ocholla, ile sehemu na mimi huwa naisoma haraka nipite. Lakini kwa Wini nitabisha kidogo, nisikilize. Wini akiondoka ni nani anabaki na mtoto? Ben. Mlevi, asiye na kitu, mtoto si wake. Angeweza kumwacha pale, kila mtu angeelewa, na hamwachi. Anamchukua mpaka kwa Ocholla mtoni, baadaye anahangaika aende shule. Mi naona hapo ndo kitabu kinabadilika kabisa. Kabla ya hapo ni kulewa na kuamka, baada ya hapo kuna mtu anamtegemea na senti inaanza kuhesabiwa. Kuondoka kwa Wini ndo kunamlazimisha mwanaume kufanya ile kazi ambayo wanawake wa mji walikuwa wanafanya kimya siku zote, na tunaiona ilivyo ngumu kwa sababu imemwangukia mtu asiyeizoea. Sijui kama alikusudia. Lakini iko pale kwenye kurasa.

Na Kalamu Nyekundu, kabla hujarudi na Out of Africa, rudi kwenye vibanda kuchomwa. River Road ni 1976. Tarehe 25 Mei 1990 kanjo wakavamia Muoroto, pale karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, wakabomoa, ikawa vita, na waziri mmoja, Maina Wanjigi, alipolalamika hadharani ndo yeye akapoteza uwaziri. Miaka kumi na nne baada ya kitabu! Mtindo uleule, asubuhi uleule, mabati yaleyale. Mwandishi asiye na siasa angewezaje kuijua serikali hivyo?

Kalamu Nyekundu

Aliijua kwa sababu ilikuwa inafanyika kila mara mbele ya macho yake, hahitaji unabii. Kuona si kazi. Kazi ni kusema nani alitoa amri. Wanjigi alikuwa waziri na aliuliza, akafukuzwa. Ngũgĩ aliuliza, akafungwa, na akiwa ndani akaandika riwaya ya Kikuyu, Caitaani Mũtharabainĩ, kwenye karatasi za chooni, na ilipotoka 1980 watu walikuwa wanasomeana kwa sauti kwenye baa. Kwenye baa, Mpita Njia! Baa zilezile za kina Ben. Hebu niambie kama kuna siku River Road ilisomwa kwa sauti River Road.

Mswahili wa Bara

Hapo kwenye baa hoja yako inakuja upande wangu lakini, kwa sababu kilichofanya isomwe kwa sauti ni Kikuyu. Petals of Blood ni ya Ngũgĩ huyohuyo, hasira zilezile, na ni Kiingereza, na sijasikia mlevi yeyote akiisoma kaunta. Kwa hiyo tusigawe watu kwa siasa, tugawe kwa lugha, halafu Petals na River Road vinakaa rafu moja.

Bibi Karani

Mpita Njia nirudi kwako. Umenielezea vizuri jinsi Ben alivyokuwa mtu kwa kulea mtoto. Wini alikuwa anamlea huyohuyo Baby tangu azaliwe, na hujaniambia kurasa zake ziko wapi. Mwanaume akilea miezi michache ni mabadiliko makubwa ya riwaya, mwanamke akilea miaka ni maelezo mafupi kabla ya kitanda. Hiyo haijajibiwa.

Na hiyo ya mgomo wa kodi Dacca House, mbona hakuna aliyeuliza wanawake wa lile jengo walisema nini? Huwa ni wao wanaobaki na mwenye nyumba mchana.

Kibarua Mstaafu

Hilo la mgomo niseme. Sisi tulijaribu mara moja sehemu niliyokuwa napanga, sitaitaja. Aliyeanza kusema tusilipe ndiye aliyetolewa vitu nje wa kwanza, wengine tukalipa kesho yake. Mke wake ndiye aliyekuja kugonga mlango kwa mlango akituuliza mbona mmenyamaza. Yule mama alikuwa mkali kuliko bwana yake. Huyo sikumwona kwenye hicho kitabu, kwa sababu sijakisoma, mwenye nacho aniambie kama yumo.